Ripoti ya mzigo wa majaribio inapodanganya: dalili, vyanzo na marekebisho

Meneja anaomba kitu kinachoonekana chepesi: ukurasa mmoja wa kuonyesha kila mjaribu wa programu za kompyuta kwenye timu amebeba kiasi gani. Unaingia Jira, programu ya kufuatilia kazi, unachora chati ya duara kwa jina la aliyeshika tiketi (tiketi ni rekodi ya kazi moja), na kipande kimoja kinameza nusu ya duara. Mwenye kipande hicho ukimuuliza anakwambia wiki hii yuko huru. Yule anayelalamika kila siku kwamba amezidiwa, kipande chake ni chembamba hadi jina lake limekosa pa kukaa.

Kabla hujahamisha mtu wala kuomba bajeti ya kuajiri, kagua ripoti. Ripoti ya mzigo ikiwashangaza hata wanaoubeba, uwezekano mkubwa kosa liko kwenye ripoti. Programu hizi zinatunza majina matatu tofauti kwa kazi ileile. Kuna jina la aliyeishika tiketi sasa hivi, kuna la aliyepangiwa kuijaribu, na kuna la aliyeingiza tokeo. Siku ya kwanza ya raundi, yaani awamu moja ya majaribio, majina hayo huweza kuwa ya mtu mmoja. Kufika siku ya mwisho mara nyingi ni watu watatu, na mmoja wao pengine si mtu, ni seva. Kila dalili hapa chini ukiichimba unakuta swali lilelile: namba hii imehesabu jina lipi, na imelihesabu lini?

Mifano ni ya Jira, TestRail (ya kutunzia kesi za majaribio na matokeo yake) na Azure DevOps (ya kazi na majaribio pamoja). Wanaofuatilia kazi kwa Excel wana matatizo hayohayo, ila yao yanajificha vizuri zaidi.

Mtu mmoja ameshika karibu kila kitu, na mwenyewe hana habari

Anza na mpangilio wa mradi. Jira inaruhusu tiketi mpya ziende moja kwa moja kwa kiongozi wa mradi au kwa msimamizi wa sehemu fulani ya mfumo. Asipopatikana wa kuzigawa upya, zinakaa kwake. Chuja tiketi zote zilizo kwa jina lake, kisha ondoa zile ambazo hazijabadilishwa jina wala hadhi tangu zifunguliwe. Zikibaki chache, umeshapata jibu: zile ulizoondoa ni foleni isiyo na mwenyewe iliyoandikwa jina la bosi. Badilisha mpangilio ili tiketi mpya zikae bila jina, na kwenye ripoti wape "hazijagawiwa" mstari wao. Mstari huo utamkera meneja, na ni vizuri umkere.

Chanzo cha pili kinajificha. Sehemu ya "Assignee" kwenye Jira inapokea jina moja tu. Msanidi, yaani mwandishi wa programu, akimaliza anaisukuma tiketi kwa mjaribu, jina linabadilika. Mjaribu akikuta hitilafu anairudisha, jina linabadilika tena. Mwisho wa safari tiketi inafungwa ikiwa kwa jina la yeyote aliyeigusa mwisho, na kwenye timu nyingi huyo ni msanidi aliyepandisha toleo au kiongozi aliyekuwa anafunga sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi cha timu. Kwa hiyo ukihesabu tiketi zilizofungwa kwa kutumia "Assignee", umehesabu waliofunga tiketi. Waliozijaribu hawamo.

Pima hivi. Acha kuuliza tiketi iko kwa nani leo. Uliza nani aliitoa kwenye hatua ya majaribio. Jira inatunza historia ya kila badiliko, na JQL, lugha yake ya kutafutia, inaisoma:

status CHANGED FROM "In Testing" TO "Done" BY "jina" DURING ("2025/03/01", "2025/04/01")

Majina ya hatua yabadilishe yafanane na ya ubao wenu. Kisha uliza mara ya pili kwa njia ya kurudi, yaani kutoka majaribio kwenda tena kwa msanidi. Tiketi iliyokataliwa nayo ilijaribiwa, tena kwa kawaida imekula muda mrefu kuliko iliyopita salama, kwa sababu mjaribu alilazimika kurudia hatua, kupiga picha za kioo na kuandika maelezo. Ripoti nyingi zinaitupa kazi hiyo yote kwa sababu zinahesabu vilivyofika "Done" tu.

Marekebisho ya kudumu ni kuongeza sehemu ya pili ya jina kwenye tiketi, iitwe "Mjaribu", na kuweka kanuni ya kiotomatiki inayoijaza tiketi inapoingia hatua ya majaribio. Kanuni isifute jina lililokwisha kuwekwa. "Assignee" iache iendelee kuzunguka kama kawaida.

Kwa walio kwenye Azure DevOps, mtego ni huohuo ila umevaa nguo nyingine. Kesi ya jaribio, yaani hatua za kufuata na jibu linalotarajiwa, ni tiketi yenye "Assigned To" yake, na hapo kwa kawaida hukaa jina la aliyeiandika. Mtu aliyepangiwa kuitekeleza anaandikwa mahali pengine, kwenye kila muungano wa kesi na mazingira yake. Ukichora chati ya kesi kwa "Assigned To", aliyeandika kesi zote mwaka juzi anaonekana ndiye anayezibeba hadi leo. Chora chati ya matokeo, upange kwa mjaribu.

Mjaribu mmoja ana matokeo elfu kadhaa kwa wiki

Hakuna mtu wa namna hiyo. Hapo umekutana na seva inayotumia jina la mtu.

Majaribio yanayojiendesha yakimaliza, hutuma matokeo TestRail kupitia API, mlango ambao programu moja huzungumza na nyingine, na API inataka akaunti na ufunguo. Siku ya kuunganisha, aliyekuwa zamu alitumia ufunguo wake ili kazi iende, na toka siku hiyo kila tokeo la usiku linaandikwa jina lake. Akienda likizo anaendelea kufanya kazi kuliko wenzake wote.

Kuthibitisha ni rahisi. Vuta matokeo ya raundi kwa get_results_for_run, uangalie sehemu mbili: created_by, ambayo ni namba ya mtumiaji aliyeingiza, na created_on, ambayo ni muda. Yapange kwa dakika. Binadamu huingiza moja, mbili, tatu, kisha anapumzika. Ukiona mamia ndani ya dakika moja, hiyo ni mashine.

Fungua akaunti ya pekee kwa ajili ya seva, ibadilishe ufunguo, na kwenye ripoti itenge kabisa na watu. Usiifute, kwa sababu kuna kazi ya binadamu nyuma yake: kuna anayesoma majaribio yaliyofeli kila asubuhi kuangalia kama ni hitilafu ya kweli au ni jaribio lenyewe limechoka. Kazi hiyo haina tiketi kwenye timu nyingi. Ifungulie.

Mjaribu anaonekana hana kazi

Kinyume cha dalili iliyopita, na mara nyingi chanzo ni leseni. Programu nyingi za aina hii hutoza kwa idadi ya watumiaji, kwa hiyo ofisi inalipia akaunti chache na wajaribu wanachangia moja. Nyuma ya "qa1" wako watu watatu. Ripoti inasema qa1 ni shujaa, na wawili kati ya hao watatu hawapo duniani. Kama kulipia leseni haiwezekani mwezi huu, ongeza kwenye kila tokeo sehemu ndogo ya kuchagua herufi za jina la aliyejaribu, na ifanye ya lazima. Kuwaambia watu waandike jina kwenye maoni haisaidii: wiki ya kwanza wataandika, ya pili watasahau.

Leseni zikiwa sawa, angalia kazi ambayo haipiti kwenye kesi zilizoandikwa. Kuna mjaribu ambaye siku nzima anapekua mfumo bila karatasi, kwa akili yake, na mara nyingi ndiye anayekuta hitilafu mbaya kuliko zote. Kuna anayeandaa data, anayefufua seva ya majaribio ikianguka, anayekaa na msanidi mpya kumwonyesha namna ya kurudia hitilafu, anayejibu simu za huduma kwa wateja. Kwenye chati hawa wote ni sifuri. Sipendi suluhisho la kumtaka kila mtu aandike kila dakika yake, kwa sababu mnaishia kuwa na majedwali ya uongo yaliyojazwa Ijumaa jioni. Inatosha tiketi nne au tano za kudumu kwenye kila sprinti, moja kwa kila aina ya kazi hizo, na mtu anaandika saa zake humo kwa kukadiria. Kadirio la mtu aliyekuwepo linafaa kuliko sifuri sahihi.

Idadi zinalingana, uchovu haulingani

Hapa ndipo ripoti nyingi zinapokufa, na ndipo panapostahili muda wako.

Chukua timu inayojaribu programu ya malipo yenye wateja Nairobi na Dar es Salaam. Wajaribu wawili, kila mmoja kapewa kesi 40. Kwenye karatasi hakuna anayeonewa. Sasa fungua kesi zenyewe.

Kesi ya mmoja: jaza fomu ya usajili, acha namba ya simu wazi, bonyeza, soma ujumbe wa kosa. Imeisha kabla chai haijapoa.

Kesi ya mwenzake: mteja wa Kenya anapokea ombi la kulipa kwa M-Pesa, haliendelezi, na mfumo unatakiwa uonyeshe malipo hayakukamilika. Mjaribu anachukua simu, anahakikisha laini ina mtandao, anaangalia salio na kuliandika. Anatuma ombi. Anasubiri kisanduku kitokee kwenye kioo. Anaghairi. Anafungua kumbukumbu za seva kutafuta jibu lenye ResultCode 1032, maana yake mteja ameghairi. Anaangalia oda imekaa katika hadhi gani, kisha anarudi kwenye salio kuhakikisha hakuna kilichokatwa. Baada ya hapo anarudia akiwa ameizima simu, akitegemea 1037, na hapo hana la kufanya ila kusubiri mfumo uchoke kumtafuta mteja. Kisha anarudia kwa kulipa kweli, akitafuta 0. Upande wa Tanzania kuna menyu za kupiga, *150*00# na wenzake, na kila mtandao una tabia yake: kinachopita Vodacom kinabidi kirudiwe Airtel, Halotel, na Mixx by Yas ambayo wengi bado wanaiita Tigo Pesa. Menyu ikikatika katikati, anaanza upya.

Hizo zote kwenye ripoti ni kesi moja moja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na chati ya idadi inakuwa imeusadiki usemi huo.

Kwa hiyo usihesabu kesi, zipe uzito. TestRail inakuruhusu kuandika makadirio kwenye kila kesi na muda uliotumika kwenye kila tokeo, na Jira ina makadirio na saa zilizofanywa. Kama timu haijawahi kujaza sehemu hizo, usianze na kesi zote. Chagua sampuli kutoka kila sehemu ya mfumo, pimeni muda kwa sprinti moja, kisha panga muda wa kila kundi kuanzia mdogo hadi mkubwa uchukue wa katikati. Wastani utakudanganya, kwani kesi moja iliyokwama mchana kutwa kwa sababu seva ilianguka inavuta hesabu yote. Halafu gawa kesi makundi matatu tu: nyepesi zipewe 1, za kati 3, nzito 8. Makundi zaidi ya hapo yanaleta ubishi usio na faida. Kwa mizani hiyo kesi 40 za fomu ni pointi 40, na kesi 40 za malipo ya simu ni 320. Meneja akiona namba hizo mbili pamoja, mazungumzo yanabadilika bila wewe kuongeza neno.

Kuna uzito mwingine ambao hata makadirio mazuri hayaushiki: marudio. Kwenye TestRail kesi iliyofeli, ikarekebishwa, ikafeli tena, kisha ikapita, inaonekana kwenye raundi kama kesi moja iliyopita, kwa sababu ubao unaonyesha hadhi ya mwisho. Historia ipo, lakini lazima uifuate. Hesabu matokeo badala ya hali ya sasa ya kesi. Hadhi zina namba zake: 1 ni imepita, 2 imezuiwa, 4 inahitaji kurudiwa, 5 imefeli. Ukichukua matokeo yote yenye namba hizo ukayapanga kwa mjaribu na kwa sehemu ya mfumo, utaona nani anajaribu kitu kilekile mara tatu kila toleo. Mara nyingi sababu yake haimhusu yeye: msanidi wa sehemu hiyo anakabidhi kazi mbichi. Wajaribu wenyewe hulijua hilo siku nyingi, ila halikuwa na namba.

Jumla zinagoma kukubaliana

Ripoti yako inasema matokeo 250, timu inaapa iliingiza zaidi ya elfu. Ukiona 250 kamili, usitafute mbali. API ya TestRail inatoa hadi rekodi 250 kwa ukurasa, na inabidi uombe ukurasa unaofuata hadi ziishe. API ya utafutaji ya Jira nayo usipoiambia kitu inatoa 50. Namba yoyote kamili namna hiyo kwenye jumla kuu iwe inakushtua.

Jumla ikizidi badala ya kupungua, tazama mambo mawili. La kwanza ni mazingira: kesi moja ikipangiwa Android na iPhone ni kazi mbili upande wa utekelezaji lakini moja upande wa orodha ya kesi. La pili ni tiketi ndogo zilizo chini ya tiketi mama, ambazo ripoti inaweza kuzihesabu pamoja na mama yao. Chagua njia moja, uiandike chini ya grafu kwa sentensi moja, usiibadilishe katikati ya mwaka.

Saa nazo zina vituko vyake. Jira ukiitoa kwenye CSV, faili la maandishi linalofunguka kwa Excel, inaandika muda kwa sekunde, hivyo siku moja ya saa nane inatokea kama 28800, na nimeona watu wakiichukulia kama dakika. Siku moja yenyewe, "1d", kwa kawaida imewekwa iwe saa nane na si ishirini na nne, ila msimamizi anaweza kuwa ameibadilisha, kwa hiyo muulize. TestRail inarudisha muda uliotumika kama maneno, kwa mfano "1m 45s". Excel haiyajumlishi maneno: inakupa sifuri bila kulalamika. Yageuze kwanza yawe sekunde, hapo 105, ndipo ujumlishe.

Kazi zimehama siku

Toleo linapandishwa usiku, mjaribu anakesha, anaingiza matokeo saa nane usiku wa kuamkia Jumanne. Kwenye ripoti yanaonekana ya Jumatatu. API nyingi zinatoa muda wa UTC (saa ya kimataifa), na sisi wa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele, kwa hiyo chochote kilichoingizwa kati ya saa sita na saa tisa usiku kinarudi siku ya nyuma. Ongeza saa tatu kabla ya kukata tarehe, si baada. Mwisho wa mwezi kosa hili linahamisha kazi ya mkesha mzima kutoka mwezi mmoja hadi mwingine.

Angalia pia kichujio cha tarehe. JQL ukiiambia hadi "2025/03/31" bila saa, inaelewa mwanzo wa siku hiyo, na kazi ya tarehe 31 yote inabaki nje. Weka chini ya tarehe 1 ya mwezi unaofuata.

Kwa wanaojaza kwa mkono kuna tatizo letu sisi wenyewe. Mmoja anaandika 3:00 akimaanisha saa tatu asubuhi, mwingine anaandika 3:00 akimaanisha alasiri kwa saa ya kompyuta. Muda wa kazi unatoka hasi, au unatoka saa nyingi kwa kesi ya dakika tano. Lazimisha muundo wa saa 24 kwenye seli, na usimwachie mtu aandike apendavyo.

Ripoti inasema kuna nafasi, toleo linachelewa

Hapa wastani ndio unaokudhuru. Kwa sprinti ya wiki mbili mjaribu anaonekana ametumia nusu ya muda wake, na meneja anauliza kwa nini basi toleo limesogea. Chora upya kwa siku badala ya sprinti. Karibu kila mara utakuta siku za mwanzo tupu na siku tatu za mwisho zimefurika, kwa sababu wasanidi wanakabidhi kazi zote pamoja zikishakamilika. Nusu ya muda ilikuwepo kweli, ila ilikuwepo wakati hakuna cha kujaribu.

Ipime foleni yenyewe. John Little aliithibitisha mwaka 1961 kanuni ambayo watu wa foleni wanaitumia hadi leo: wastani wa vitu vilivyomo ni sawa na kasi ya kuingia mara wastani wa muda ambao kila kimoja kinakaa. Foleni ikiwa imetulia, inayoingia na inayotoka ni sawa, kwa hiyo ukigawa vilivyomo kwa kasi ya kumaliza unapata muda wa kukaa. Tuseme tiketi 24 zimekaa kwenye hatua ya majaribio na timu inamaliza 4 kwa siku. Kila tiketi itakaa humo wastani wa siku 6. Sprinti yenu ikiwa na siku 10 za kazi, tiketi inayoingia baada ya siku ya nne haitoki ndani ya sprinti hiyo, hata wajaribu wote wawe hodari. Hiyo ndiyo namba ya kumwonyesha anayepanga kazi, mapema, wakati bado anaweza kupunguza.

Kisha tafuta muda uliopotea kwenye "imezuiwa". Seva ya majaribio imelala, mtoa huduma wa malipo hajibu, data ya kujaribia imeisha. Saa hizo haziandikwi kwa mtu, ndiyo maana mjaribu anaonekana ana nafasi. Zipe mstari wake, ukitaja kilichozuia. Nikiruhusiwa grafu moja tu kwenye ukurasa wa meneja, nitachagua hiyo, maana kinachomaliza muda wa timu mara nyingi kinatatuliwa na mtu wa nje ya timu.

Namba zimependeza ghafla

Mwezi mmoja baada ya ripoti kuanza kusomwa kwenye kikao, kesi zinaongezeka maradufu na hitilafu ndogondogo zinamiminika: rangi ya kitufe, nukta iliyokosekana, neno lenye herufi kubwa mahali pasipofaa. Fungua kesi mpya usome. Kama kesi moja ya zamani imekatwa vipande vitano, watu wamejifunza kinachohesabiwa.

Ondoa haraka orodha yoyote inayopanga wajaribu kwa idadi ya hitilafu walizokuta. Aliyepewa sehemu iliyoandikwa vizuri hatakuta nyingi, na hilo si kosa lake. Majina yabaki kwenye nakala ya timu, ambayo wanaikagua wenyewe na kuisahihisha; kwa uongozi peleka makundi ya kazi na sehemu za mfumo. Na kumbuka kwamba takwimu za kazi ya mtu mmoja mmoja ni taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kabla ya kubandika grafu yenye majina ukutani, muulize mwanasheria wa ofisi.

Umekagua yote, na mzigo bado umeegemea upande mmoja

Basi ni wa kweli, na kubadilisha jina kwenye tiketi hakutauhamisha. Tafuta kilichoufunga kwa mtu huyo.

Kwenye ile timu ya malipo, jibu limo mkononi mwake: laini. Tanzania laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo laini alizonunua mjaribu kwa ajili ya kazi ziko kwa jina lake, na namba za siri za kutolea pesa anazijua yeye. Hawezi kumpa mwenzake kisanduku cha simu akaenda likizo kwa amani. Ukimpangia mwingine kesi hizo kwenye TestRail, atazirudisha kimyakimya kwa mwenye laini, na ripoti itaonyesha mgawanyo mzuri ambao haupo.

Hapo cha kufanya ni manunuzi na mafunzo. Laini zisajiliwe kwa jina la kampuni, seti mbili, kila mtandao, na daftari la nani kachukua simu ipi na salio likiwa ngapi. Mjaribu wa pili akae na wa kwanza raundi moja nzima akitazama, raundi inayofuata wabadilishane, wa kwanza akitazama. Katika raundi hizo mbili kasi ya timu itashuka, na ni lazima useme hivyo mapema kwa maandishi, la sivyo kushuka huko kutasomwa kama uzembe. Raundi ya tatu, vuta matokeo ya kesi za simu upange kwa aliyeingiza, si kwa aliyepangiwa, uone kama jina la pili limetokea.